Mashine Kubwa na Mayai Tisini na Sita

Jumamosi, 1 Machi

Hili lilikuwa daftari la jiografia. Nimeligeuza, nimeanzia nyuma, kwa hiyo atakayelichungulia atakutana kwanza na mito na milima, achoke, alirudishe. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Sina kigugumizi. Maneno yanakuja vizuri tu mpaka kwenye meno, yanachungulia nje, yanaona watu, yanarudi ndani. Ndiyo maana Baba ananiita Redio. Anasema wenzake wana redio zinazosumbua majirani, yeye Mungu kampa isiyo na betri.

Tumehamia nyumba mpya. Ina vyumba vitatu, mabati yanayong'aa na mlango wa jikoni usiofunga, lakini haina umeme. Nguzo ya mwisho imesimama mbele ya gereji ya matairi, na kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini. Baba alikwenda ofisi ya umeme kuuliza. Wakamwambia tumo kwenye mpango. Akauliza, mpango wa lini? Wakamwambia, wa baadaye.

Basi ni sola. Na sola hii si ya taa tu. Mama alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kituo cha kutotoleshea vifaranga. Kituo kimefungwa, na bosi wake akampa mashine moja kama kiinua mgongo. Inaingia mayai tisini na sita na inataka joto lilelile mchana na usiku kwa siku ishirini na moja. Mfugaji mmoja mwenye mabanda makubwa ya kuku, sisi tunamwita Bibi Mabanda, ameagiza vifaranga themanini kwa majaribio. Akiridhika, atachukua kila mwezi. Asiporidhika, Mama atakwenda kufanya kazi kwa rafiki yake mji wa mbali, awe anarudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Alitamka hayo huku akishona kifungo cha sare yangu, bila kuinua macho. Nami nikaitikia "sawa", kama mtu aliyeambiwa chai haina sukari.

Jumapili, 2 Machi

Nimelia kidogo. Si sana.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Baba kaitisha kikao cha umeme. Wajumbe: yeye, Mama, mimi, na Shangazi, dada yake mkubwa, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwezi wa kumi na mbili na bado wiki hiyo haijaisha.

Baba aliendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na moja, mpaka magoti yakamstaafisha. Kila kitu duniani kwake ni lori au si lori. Paneli nne keshazinunua, zimeegemezwa sebuleni, na kila asubuhi anazipangusa kwa shati lake la zamani. Kilichobaki ni kuchagua inveta na betri.

"Betri ni tangi," akatueleza. "Inahifadhi. Inveta ndiyo injini. Inachukua umeme wa betri, inaugeuza uwe wa kutumia nyumbani. Sasa injini hununui ya kubangaiza. Ukipanda mlima na injini ndogo, hata basi la abiria linakupita, na abiria wanakupungia mkono."

"Sisi tunapanda mlima gani, Baba Redio?" Mama akauliza.

"Mama Redio, mlima huwa hautoi taarifa."

"Na pasi yangu?" Shangazi akadakia. Alifanya kazi ya udobi hotelini miaka ishirini. Hawezi kuona kunyanzi akanyamaza. Ana pasi ya umeme aliyoifunga kwenye taulo, anaisafirisha kama kitoto kichanga.

"Pasi marufuku," Mama akasema.

"Marufuku kwa mashine ndogo," Baba akasema, akamkonyeza dada yake. Hapo nikajua kura zimeshapigwa.

Jumamosi, 15 Machi

Tumekwenda dukani, Baba na mimi. Napelekwa kwa sababu karatasi za vifaa hivi zimeandikwa Kiingereza, na shuleni kwetu masomo yote ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Baba anajua Kiingereza cha barabarani: simama, pinda, ushuru, samahani ofisa.

Muuzaji anavaa koti jeupe kama daktari. Watu wanamwita Mtaalamu. Ukimuuliza bei anakupa kiti kwanza.

Baba ana namna yake ya kuchagua betri: anazibeba. Alikunja mikono ya shati, akainua moja ya risasi na asidi, uso ukaiva, akaitua. "Hii betri." Mtaalamu akamwonyesha ya lithiamu. Akamwambia unaweza kuitumia karibu yote mpaka ikauke bila kuidhuru, wakati ile ya asidi ukiivusha nusu unaifupishia maisha. Baba akaiinua kwa mkono mmoja. Akatazama chini yake, kana kwamba kuna kitu kimesahauliwa kiwandani.

"Ndani mna nini humu?"

"Lithiamu, mzee."

"Hamna kitu. Hii ni ya mwanasesere."

Kisha akapanda juu ya mizani ya mizigo ya dukani akiwa amekumbatia betri ya asidi, watu wakisubiri kuhudumiwa. Mimi nilikuwa nasoma kwa makini sana tangazo la waya ukutani.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefanya jambo baya, na bahati mbaya nimelifanya kwa ukimya, kwa hiyo hakuna aliyeliona.

Tumenunua. Dukani inveta zilikuwa tatu mezani: ndogo ya kilowati moja, ya kati, na kubwa ya kilowati tano yenye kioo cha tarakimu za buluu. Baba alipoiona ile kubwa alivua kofia.

"Redio," akasema, "soma. Kwa sauti, na hawa wasikie."

"Hawa" walikuwa watu sita kwenye foleni. Nikafungua kitabu chake. Nikasoma, nikitafsiri mstari kwa mstari: nguvu yake, volti zake, kwamba inataka betri nne kwa mpigo, kwamba ina chaja ya sola ndani yake. Kila mstari Baba anatikisa kichwa na kuwageukia wale watu kama mtu anayesomewa matokeo ya mtoto wake. Mzee mmoja akasema, "Hiyo ni mashine." Baba akasema, "Endelea, Redio."

Mstari uliofuata ulisema kwamba inveta yenyewe, ikiwa imewashwa tu bila kulisha chochote, inakula wati sitini. Mchana na usiku. Mashine ya mayai ya Mama inakula wastani wa wati sitini pia. Nilisoma mara mbili kimoyomoyo. Maana yake, kwa kila mkate tutakaompa Mama, inveta itakula mkate mwingine kwa kazi ya kumpelekea.

Nikamtazama Baba. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu alipoacha lori. Nikaruka mstari. Nikasoma unaofuata, unaosema ganda lake ni la chuma kisichoshika kutu.

"Chuma!" Baba akawaambia watu.

Jumapili, 23 Machi

Sikuweza kula vizuri. Shangazi kasema nina minyoo.

Jumamosi, 29 Machi

Kaja fundi kufunga. Tunamwita Fundi Tutaona, kwa sababu ndilo jibu lake. Kazi itaisha leo? Tutaona. Kaka, umeoa? Tutaona.

Aliizunguka inveta mara mbili, akamuuliza Baba nyumba ina vitu gani. Taa sita, simu, televisheni ndogo, mashine ya mayai. Akakuna kidevu.

"Mzee, hii si kubwa kidogo kwa nyumba hii?"

"Mwanangu, umewahi kusikia mtu analalamika injini ina nguvu mno?"

Fundi akafungua mdomo. Akanitazama mimi, sijui kwa nini. Akaufunga. "Tutaona," akasema.

Jioni tukawasha. Taa zote sita. Shangazi akapiga vigelegele, Baba akaipigia inveta saluti. Mama aligusa mashine yake ya mayai, akasikia inapata joto, akaacha mkono wake pale pale juu ya kifuniko. Na mimi nikajiambia labda kitabu kimekosea. Vitabu hukosea. Cha fizikia kidato cha pili kina picha ya sumaku iliyogeuzwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zimefungwa. Mama ameingiza mayai tisini na sita. Kila yai kaliandika tarehe kwa penseli. Siku ya ishirini na moja itakuwa tarehe 26.

Jua ni kali, betri zinajaa kufikia saa saba mchana. Baba anakaa mbele ya kioo cha buluu kwenye kiti cha plastiki na kututangazia asilimia. "Tisini na nane! Mia!" Majirani wawili wamekuja kuangalia. Wamepewa viti.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua zimeanza.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Alfajiri inveta ilianza kulia. Piiip. Kimya. Piiip. Baba akatoka chumbani na shuka kiunoni akiuliza nani anarudi nyuma. Alidhani ni lori.

Betri zilikuwa karibu kwisha. Kukapambazuka, jua likatokeza kidogo baina ya mawingu, zikapata uhai. Baada ya chai, kikao.

"Kuna mtu katika nyumba hii," Baba akaanza, akitutazama mmoja mmoja, "anakula umeme."

"Sote tunakula," Mama akasema. "Ndiyo kazi yake."

"Nasema anakula kwa siri."

Shangazi akanywa chai yake taratibu mno. Gauni lake lilikuwa limenyooka, na mistari ya mikono ungeweza kukatia sabuni.

"Dada," Baba akasema, "hilo gauni umelinyoosha na nini?"

"Nimelilalia."

"Umelilalia?"

"Mimi nalala vizuri. Sijigeuzigeuzi kama nyinyi."

Alhamisi, 10 Aprili

Amri mpya, zimebandikwa ukutani kwa gundi: televisheni hapana. Simu zichajiwe gereji ya matairi. Taa moja tu, ya jikoni, na anayetoka jikoni atoke nayo. (Hajaeleza kwa namna gani.)

Piiip saa kumi na moja alfajiri.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya saba. Mama kayapima mayai kwa tochi, moja moja, katika chumba chenye giza. Alinishikisha yai nitazame: ndani mna doa jekundu lenye mishipa kama mizizi, na katikati kitu kinadunda. Mayai saba hayana kitu, kayatoa. Yamebaki themanini na tisa.

"Haya sasa yananitegemea mimi," akasema. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikasema, "Yanapendeza."

Jioni Baba alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Shangazi akachukua pasi, taulo na yote, akaifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Shangazi alisimama mlangoni.

"Mimi niliyekubeba mgongoni. Mimi niliyekufuta makamasi. Leo unanipekua kama mwizi wa kuku?"

"Umeme unaisha, dada! Unakwenda wapi?"

"Muulize huyo bwana wako wa chuma anayekupigia honi alfajiri!"

Akaingia ndani, nikamsikia anatoa begi lake kubwa chini ya kitanda. Miezi mitano nimekuwa nikiomba begi lile litoke. Sasa limetoka, na mimi ndiye niliyelitoa, na nimejisikia vibaya kupita siku zote za maisha yangu. Anakoroma, anasema nina minyoo, lakini ananinyooshea sare kwa viganja vyake, akivitia maji, kila Jumapili.

Jumapili, 13 Aprili

Wote walipokuwa nje nikafanya jaribio. Nikazima kila kitu, hata mashine ya mayai, dakika mbili tu. Nyumba nzima haina kinachotumia umeme. Nikatazama kioo: betri zinatoa wati hamsini na nane.

Ndiye mwizi wetu. Ametundikwa ukutani, tunampigia saluti.

Nimejaribu kumwambia Baba mara tatu. Mara ya kwanza nikasema, "Baba," akasema, "Naam," nikasema, "Unataka maji?" Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu akaleta glasi mwenyewe.

Shangazi anaondoka Jumatano. Hataki kusindikizwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikusema. Mvua kutwa nzima. Paneli zinatoa umeme wa kuwashia kibiriti.

Jumanne, 15 Aprili

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Saa kumi na moja alfajiri inveta haikulia piiip. Ililia mfululizo, piiiiiii, kisha kimya, na kile kioo cha buluu kikafa. Tulikutana sote mbele ya mashine ya mayai, Mama na tochi mdomoni, anasoma kipimajoto. Mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa hata tukawa tunasemeshana kwa kupiga kelele.

"Makaa!" Mama akasema. "Maji ya moto! Chupa zote za plastiki ngumu! Mablanketi!"

Sikuwahi kumwona Mama kazini. Nyumbani ni mtu wa kuulizia chumvi iko wapi. Leo alikuwa jenerali. Tukawasha jiko la makaa, tukachemsha maji, tukajaza chupa, tukazifunga vitambaa, tukazipanga ndani pembeni mwa mayai, tukaifunika mashine kwa blanketi mbili na koti la Baba la baridi. Kila nusu saa tunabadilisha chupa. Kipimajoto kinashuka, kinapanda, kinashuka. Shangazi, aliyekuwa amevaa tayari nguo za safari ya kesho, alishika kazi ya chupa na hakuiachia. "Nimeshika maji ya moto miaka ishirini," alisema. "Ondoa mikono yako ya shule, itababuka."

Saa mbili. Saa tatu. Mvua haipungui. Baba alikuwa hana kazi, na Baba asiye na kazi anatafuta mkosaji.

"Jua limekosa, naelewa," akasema. "Lakini nyumba ina taa moja! Betri nne nimezibeba mwenyewe! Mtu katumia pasi nyingine, hakuna maelezo mengine."

Shangazi akaiweka chupa chini. Hakugombana. Akasema, "Haya. Ni mimi. Kama itakupa raha, ni mimi."

"Si yeye," mtu akasema.

Wote wakageuka. Ilinichukua muda kujua kwamba aliyesema ni mimi.

"Si yeye, Baba. Ni inveta. Inakula wati sitini hata kama hatutumii kitu. Sawasawa na mayai. Usiku kucha inakula sawa na mayai."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Ulinisomea kitabu chote."

"Niliruka mstari."

Mvua ilipiga mabati. Mama alikuwa ameshika blanketi, hakuligeuza wala kuliweka. Baba akaja karibu, akainama, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Uliruka?"

"Ulikuwa na furaha," nikasema. "Na watu walikuwa wanakutazama. Sikutaka uaibike." Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, yote yakatoka kwa mkupuo: "Ni kama lori tupu limeegeshwa, injini inaunguruma usiku kucha, dereva amelala. Halijaenda popote. Asubuhi tangi limekauka. Sisi tunataka kupeleka mayai themanini na tisa tu, Baba. Yanaenea kwenye pikipiki."

Nilidhani atapiga kelele. Baba akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akakitazama kile kioo cheusi.

"Silensa," akasema polepole, neno la madereva la injini inayounguruma gari limesimama. "Miezi yote hii nimeweka lori silensa sebuleni." (Ni wiki mbili na nusu. Sikumsahihisha.) "Nilimfukuza utingo kwa kosa hili. Kwa usiku mmoja."

Akainuka, akalitafuta koti. Alipokumbuka kwamba koti lake limefunika mayai, akatoka bila koti, mvua ile ile, kwenda kumtafuta Fundi.

Shangazi akanitazama. Nilingoja nilichostahili kuambiwa. Akafuta mikono, akanisogelea sikioni.

"Jumanne iliyopita nilipiga pasi gauni moja," akanong'ona. "Moja tu. Na kola."

Fundi Tutaona alifika saa saba, amelowa kama kitambaa cha deki, akiwa na inveta yake ndogo anayotumia kazini, unaweza kuishika kiganjani. Akaizuia ile kubwa isilishe nyumba, ibaki inachaji betri tu, akaunga ile ndogo kwenye betri moja. "Kwa siku moja tu hivi," akaonya, "betri hazipendi moja inyonywe peke yake." Saa nane mawingu yalipungua, betri zikapata uhai, na mashine ya mayai ikawaka.

Muda wa saa tisa nzima bila umeme. Mama alipiga mahesabu kwa vidole, akaanza upya.

"Watapona?" nikamuuliza Fundi.

Akafungua mdomo. Sote tukamtazama vibaya. Akaufunga.

Jumatano, 16 Aprili

Dukani. Baba alisimama nje akisingizia kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Niliingia peke yangu, Fundi nyuma yangu kabeba inveta. Mtaalamu akanipa kiti. Sikukaa, nikikaa siinuki.

"Bidhaa ikitoka hairudi, binti."

Nikaikunjua karatasi ya dhamana. Nikasoma. Kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na mstari huu sikuuruka: mnunuzi anaweza kubadilishiwa kifaa kisicho na hitilafu ndani ya siku thelathini. Leo ni ya ishirini na tano. Foleni ya watu watano ikaacha kuzungumza. Mama mmoja mwenye kapu akasema, "Rudia hapo kwenye siku." Nikarudia. Akatoa karatasi yake mwenyewe kwenye kapu. "Nisomee na hii."

Tumepata inveta ya kilowati moja, yenye chaja yake ya sola. Ikiwa imekaa tu, inakula wati kumi. Na kwa tofauti ya bei tumepewa betri mbili zaidi. Mtaalamu alipendekeza ya lithiamu, Fundi akasema haichanganywi na hizi za asidi. Baba, aliyekuwa ameshaingia sasa, alizibeba zote mbili hadi kwenye gari la kukodi kwa raha zote.

Akaishika inveta mpya mapajani njia nzima. "Nyepesi," alisema mara moja tu, kwa huzuni.

Alhamisi, 17 Aprili

Shangazi hajaondoka. Begi limerudi chini ya kitanda. Amefunguliwa kabati lakini kaniambia pasi itasubiri mayai.

Mvua. Hakuna piiip.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua na jua kwa zamu. Betri hazijashuka chini ya nusu hata siku moja. Baba hasemi asilimia tena. Anakwenda kuangalia, anarudi, anakohoa.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya ishirini na moja. Hakuna kitu. Mama kaweka sikio kwenye kifuniko mara ishirini. Nimeona ameshusha sanduku lake dogo kutoka juu ya kabati na kulipangusa vumbi. Hajalifungua.

Jumapili, 27 Aprili

Saa moja asubuhi, yai la mstari wa pili lina ufa!

Mama anasema mayai yaliyopoa huchelewa, alijua, hakutaka kututia matumaini. Kufikia jioni yamefunguka arobaini. Wanatoka wamelowa, wabaya kabisa, wanaanguka kifudifudi kama walevi, halafu wanakauka na kuwa wazuri hata huwezi kuamini. Baba alimpa mmoja kidole chake adonoe, akasahau kukitoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Sitini na mmoja. Hayo mengine Mama kayasubiri mpaka jioni, akayafunika kwa kitambaa, akayatoa. Bibi Mabanda aliagiza themanini. Anakuja kesho.

Jumanne, 29 Aprili

Kaja saa nne. Mwanamke mrefu, viatu vya mpira, hacheki. Akawahesabu kwa macho bila kuwagusa.

"Nilisema themanini."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwetu.

"Kosa langu," Baba akasema. "Nilichagua inveta kubwa mno, ikala betri, tukakosa umeme."

"Kosa ni langu," nikasema. "Niliona kwenye kitabu nikanyamaza."

"Na gauni," Shangazi akasema. "Na kola."

"Gauni gani?" Baba akageuka. "Dada? Gauni gani?"

"Nyamazeni," Bibi Mabanda akasema, tukanyamaza. Akamgeukia Mama. "Umeme ulikatika kwa muda gani?"

"Saa tisa. Siku ya kumi."

"Saa tisa, siku ya kumi, na mvua hii. Ukawapa joto kwa kitu gani?"

"Chupa za maji ya moto."

Bibi Mabanda akainama, akamwokota kifaranga mmoja, akamgeuza, akamtazama kitovu, miguu, akamrudisha. Akamwokota mwingine.

"Huko ninakochukua siku zote," akasema, "umeme ukikatika kwa saa mbili tu wananiletea sababu. Wewe umeniletea sitini na mmoja wenye miguu imara. Mwezi ujao nataka mia mbili. Unaweza?"

Mama akatazama mashine yake. Mayai mia mbili hayaingii humo hata ukiyasukuma. Atahitaji mashine nyingine mbili. Aliponitazama mimi nikaona macho yamejaa, na lile sanduku nikajua litarudi juu ya kabati kabla ya chakula cha mchana.

"Naweza," akasema.

"Mashine tatu," Baba akasema polepole, na nikaona uso unaanza kumwaka, ule ule wa dukani. Akanyoosha mgongo. Akavuta kiti cha plastiki kumpa mgeni. "Basi hapo kwa kweli, tukizungumza kama watu wazima, itabidi ile inveta kubwa—"

"Hapana," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa hata vifaranga wakanyamaza, wote sitini na mmoja.

"Kwanza tunapiga hesabu," nikasema. "Kaa, Baba. Nakusomea."

Akakaa.